Wamama, Mujue Tansio na Mapigo ya Mutoto Wenu Mbele ya Dawa ya Usingizi

Maneno kwa wamama wa kliniki



Leo siongei juu ya chanjo, wala juu ya uji, wala juu ya neti ya mbu. Mambo hayo tumeyasema mara mingi siku ya kupima watoto, na tutayasema tena. Leo nataka kuongea na mama mwenye mutoto wa Down. Pengine ni wewe unayekaa pale nyuma karibu na mulango, na mutoto umemufunika na kitenge ili watu wasimutazame. Pengine ni dada yako, ama jirani yako wa Kasulo, wa Kapata, wa Musonoi ama wa Luilu. Kama ni jirani, umupelekee maneno haya.

Iko siku mutoto huyo atahitaji dawa ya usingizi. Jino limeoza na shavu limevimba. Kitovu kimetoka inje na wanganga wanataka kukirudisha. Mukono umevunjika, ama maji ya moto yamemuunguza na kidonda kinapaswa kusafishwa. Watamulalisha, kidogo ama sana, ili asisikie maumivu na asisukume wanganga. Siku hiyo kuna kitu kimoja ambacho wewe mama unakijua, na sisi wauguzi hatukijui: ginsi mutoto wako anavyokuwa akiwa muzima. Nataka leo tukiandike kitu hicho kwa namba, mbele ya siku ile kufika.

MUTOTO WA DOWN NI NANI?

Jina hilo linatoka kwa munganga mumoja wa Uingereza, John Langdon Down, aliyeandika juu ya watoto hawa mwaka 1866. Mwaka 1959 wanganga wa Paris, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin, walionyesha sababu yake. Mwili wa mutu umejengwa kwa chembe ndogo sana ambazo jicho haliwezi kuona. Ndani ya chembe kuna vitu vinavyoitwa kromozomu, 46, vinatembea mbili mbili. Mutoto wa Down yuko na 47, kwa sababu zile za namba 21 ni tatu pahali pa mbili. Ndiyo maana tarehe 21 ya mwezi wa 3 imekuwa siku yao ku dunia yote tangu mwaka 2012, kwa uamuzi wa Umoja wa Mataifa.

Hapa kwetu wengine wangali wanasema "mongoli". Tuache jina hilo. Shirika la Afya la Dunia, OMS, liliacha kulitumia tangu mwaka 1965.

Wengine wanasema ni uchawi, ama mama alivunja mwiko, ama ni azabu. Hapana. Kromozomu hazikugawanyika vema tangu mwanzo, na hakuna mutu aliyekosa. Kitu kinachojulikana vema ni umri wa mama. Kwa mama wa miaka 20, ni karibu mutoto mumoja ku 1.500. Kwa mama wa miaka 35, ni karibu mumoja ku 350. Kwa mama wa miaka 40, ni karibu mumoja ku 100. Lakini wamama vijana ndio wanaozaa watoto wengi, kwa hiyo mutaona mutoto wa Down ku mukono wa mama kijana pia. Usimucheke.

Wamama wa hapa wananiuliza mara mingi: "Si vumbi ya mine?" Ni swali la akili. Mwaka 2020 wanganga wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walitoa utafiti juu ya watoto waliozaliwa na kilema cha kuonekana ku Lubumbashi. Waliona kwamba baba anayefanya kazi ya mine yuko na hatari zaidi ya kupata mutoto wa namna hiyo. Kwa hiyo baba aache nguo za kazi inje na aoge mbele ya kubeba mutoto. Lakini kwa ile namba 21 ya tatu, tunachojua hakika ni umri wa mama. Basi baba asijihukumu, na asimuhukumu bibi yake.

TANSIO NI NINI?

Mufikiri juu ya robine ya maji. Siku maji yana nguvu, yanafika hata ku nyumba ya juu kabisa ya muteremko. Siku nguvu imeshuka, wa chini wanapata kidogo, na wa juu wanakaa na ndoo tupu. Damu ni vile vile. Moyo ni pompi, mishipa ni mabomba. Tansio ni nguvu ya damu ndani ya mabomba hayo. Na ile nyumba ya juu ni kichwa. Tansio ikishuka sana, ubongo unakosa damu, na ubongo hauwezi kungojea siku nzima kama sisi tunavyongojea maji.

Muuguzi anapima kwa kufunga kitambaa ku mukono, anakijaza hewa, anakilegeza polepole na kusikiliza. Kitambaa hicho kilitengenezwa na munganga Riva-Rocci wa Italia mwaka 1896, na ginsi ya kusikiliza ilionyeshwa na munganga Korotkov wa Urusi mwaka 1905. Zinatoka namba mbili. Kwa mutu mukubwa muzima tunasema 12 kwa 8. Wengine wanaandika 120 kwa 80. Ni kitu kimoja.

Kwa mutoto, namba ni za chini zaidi. Sisi wauguzi tuko na hesabu ya kutuonyesha mupaka wa hatari. Chukua miaka ya mutoto, uizidishe mara 2, halafu uongeze 70. Mutoto wa miaka 5: 10 na 70, ni 80. Namba yake ya juu ikishuka chini ya 80, ni hatari. Tangu miaka 10 kwenda mbele, mupaka ni 90. Musikosee: namba hiyo ya mupaka si tansio nzuri. Ni ukingo wa shimo.

TANSIO YA MUTOTO WA DOWN IKO NAMNA GANI?

Wanganga wa nchi mingi wameona kwamba watu wa Down, vijana na wakubwa, mara mingi wako na tansio ya chini kidogo kuliko wenzao wa umri mumoja. Pia moyo wao haukimbii sana wakati wa kazi ama mbio. Huo si ugonjwa. Ni ginsi mwili wao unavyotembea.

Lakini hapo ndipo sisi wauguzi tunaweza kukosea kwa njia mbili. Muuguzi wa kwanza anaona 9 kwa 5 kwa kijana wa miaka 14, anaogopa, anamutilia serumu mingi bila sababu, na kama moyo wa kijana uko na tundu, maji hayo yanamuumiza. Muuguzi wa pili anaona tansio imeshuka kweli, lakini anasema, "Ah, watoto wa Down wako vile," na anakaa. Huyu wa pili ndiye mubaya zaidi.

Dawa ya makosa yote mawili ni moja: kujua namba ya mutoto huyu mwenyewe, iliyopimwa siku alipokuwa muzima, ametulia, ameketi. Kama kila siku yuko na 9 kwa 5, na leo yuko na 9 kwa 5, tumushukuru Mungu. Kama kila siku yuko na 11 kwa 6, na leo yuko na 8, kuna jambo.

DAWA YA USINGIZI INAFANYA NINI?

Dawa za usingizi si za namna moja. Ketamini, ambayo hospitali mingi za Kongo zinatumia, mara mingi inapandisha tansio na mapigo, na mugonjwa anaendelea kupumua mwenyewe. Diazepamu inatuliza, lakini ikizidi inapunguza pumzi. Propofoli inashusha tansio haraka. Na kuna zile za kuvuta kwa pua na mudomo, kama halotani na sevoflurani. Kwa mutoto wa Down, hizi za kuvuta zinajulikana kupunguza mapigo ya moyo kuliko kwa watoto wengine, zaidi sana mwanzoni, wakati anapoanza kulala. Mapigo yakipungua, tansio inashuka nyuma yake.

Tena kuna njia ingine ya kushuka. Mutoto wa Down yuko na koo nyembamba, ulimi wake unajaza mudomo, na mwili wake ni mulegevu. Akilazwa na dawa, ulimi unarudi nyuma na kuziba njia ya pumzi. Hewa ikikosa kuingia, moyo wa mutoto haukimbii kama wa mutu mukubwa, unapunguza mapigo. Kwa hiyo tunapoona mapigo yamepungua, tunatazama pumzi kwanza.

Na moyo wenyewe? Karibu nusu ya watoto wa Down wanazaliwa na kilema cha moyo, mara mingi tundu kati ya vyumba vya moyo. Kuna tundu lingine halifanyi sauti ya kusikika. Ndiyo maana kila mutoto wa Down anapaswa kusikilizwa moyo, na kama inawezekana kupigwa ekografi ya moyo, hata kama anacheka na anakula bukari vizuri. Kama wanganga wanakutuma Lubumbashi kwa kipimo hicho, usiseme njia ni ndefu. Jipange, uende.

JAMBO NILILOLIONA MIMI MWENYEWE

Sasa nitawaambia kitu ambacho nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka, hata kama kinanipatisha haya.

Ni zaidi ya miaka 20 sasa. Nilikuwa muuguzi kijana, miaka 23, ku hospitali ingine, ku muji mwingine. Walileta mutoto wa Down wa miaka 8. Shavu limevimba juu ya jino, usaha umejaa. Mama yake alikuwa amemunyima chakula na maji tangu magaribi, kwa sababu mutu alimuambia, "Asiweke kitu mudomoni." Walingoja zamu mpaka katikati ya siku. Midomo ya mutoto ilikuwa mikavu.

Walimupa dawa ya kuvuta. Kazi yangu ilikuwa kupima tansio na mapigo. Kitambaa tulichokuwa nacho kilikuwa kimoja tu, cha watu wakubwa. Nikapima mara ya kwanza, nikapata 8 kwa 4. Nikasema moyoni, "Kitambaa hiki ni kikubwa, kinadanganya. Tena watoto hawa wako vile." Nikaandika. Baada ya dakika 5 nilipaswa kupima tena. Sikupima. Munganga alikuwa ananiomba vyombo, nikaandika tena 8 kwa 4. Dakika 5 zingine, nikaandika tena 8 kwa 4.

Mama yule walikuwa wamemuruhusu kukaa, kwa sababu mutoto alikuwa analia sana. Alikuwa ameshika mukono wake. Akaniambia: "Mama munganga, moyo yake haiko hivi."

Nikamujibu: "Mama, tulia, tansio iko sawa."

Akasema tena: "Miye nilimubeba ku mugongo miaka tano, sababu alichelewa kutembea. Moyo yake inapigaka ku mugongo yangu. Naijua. Haiko hivi."

Ndipo nikaweka vidole vyangu. Nikahesabu. Mapigo yalikuwa 48 kwa dakika moja. Mutoto wa umri ule akiwa ametulia anapaswa kuwa na 70 ama zaidi. Nikapiga kelele. Munganga alifunga dawa, akavuta taya mbele, akamupa oksijeni. Tukamupiga atropini ku mushipa, tukafungua serumu. Sijui zilipita dakika ngapi. Kwangu zilikuwa mingi. Mapigo yakarudi, tansio ikapanda. Saa ya magaribi mutoto aliamuka na kuomba chai ya sukari.

Kesho yake nilienda ku kitanda chao. Nilimuambia mama ukweli: zile namba mbili za nyuma sikuzipima, niliziandika tu. Alinyamaza kwa muda murefu. Halafu akaniuliza: "Na wale ambao mama yao hakuwa ndani?"

Sikuwa na jibu. Sina jibu mpaka leo. Ninachoweza ni kufundisha. Kwa wanafunzi nasema: namba usiyoipima, usiiandike. Na kwenu wamama nasema: ile ambayo mugongo wako unaijua, tuiandike ku karatasi, ili hata siku umebaki inje ya mulango, namba yako iingie ndani.

MAMBO YA KUFANYA TANGU SASA

1. Hesabu mapigo ku nyumba. Asubuhi, mutoto angali ametulia, weka vidole viwili (si kidole gumba) ku kiwiko cha mukono wake, upande wa kidole chake gumba. Kama ni mutoto mudogo, weka kiganja ku kifua upande wa kushoto. Tazama saa ya simu, uhesabu dakika moja nzima. Fanya hivyo siku tatu tofauti, uandike. Kama hujui kuandika, mwambie mutoto wa masomo akuandikie. Hakuna haya.

2. Omba tansio ipimwe ku kliniki. Mara tatu, siku tofauti, mutoto akiwa muzima na ameketi. Iandikwe ku fishi yake pamoja na tarehe.

3. Tazama kitambaa. Kinapaswa kufunika karibu sehemu mbili kwa tatu za mukono wa juu, kati ya bega na kiwiko cha kukunja. Kikiwa kikubwa sana, namba inatoka ya chini kwa uongo. Kikiwa kidogo sana, inatoka ya juu kwa uongo. Kama hospitali haina cha watoto, waandike hivyo pembeni ya namba.

4. Tazama dalili za moyo. Anatoka jasho wakati wa kunyonya? Anachoka haraka? Midomo inakuwa ya buluu? Anapumua mbio akiwa ameketi tu?

5. Sikiliza usingizi wake wa usiku. Anakoroma sana? Anakata pumzi, halafu anashituka? Analala ameketi, ama kichwa kimeinama ku magoti? Koo yake inaziba hata bila dawa. Munganga wa kulalisha anapaswa kujua.

6. Tazama shingo na mwendo. Mifupa miwili ya juu ya shingo ya watoto hawa inaweza kuwa milegevu. Kama anaumwa shingo, ama ameanza kutembea vibaya, ama mikono imekuwa zaifu, ama anakojoa hovyo wakati alikuwa ameacha, sema hayo mbele ya mutu kumukunja shingo.

7. Kama ngozi ni baridi, analala sana, choo kigumu na mapigo ya polepole, uliza juu ya tiroide. Ni tezi ya shingoni, na kwa watoto wa Down mara mingi inafanya kazi kidogo. Inapunguza mapigo yenyewe, hata mbele ya dawa. Iko na dawa yake.

SIKU YA DAWA YA USINGIZI

Juu ya chakula. Tumbo likiwa na bukari, mutoto anaweza kutapika na matapiko yakaingia ku mapafu. Lakini kiu nayo inashusha tansio, kama mulivyosikia. Basi mufuate masaa, musiongeze kwa woga. Bukari, nyama na vya mafuta: masaa 8. Chakula chepesi: masaa 6. Maziwa ya mama: masaa 4. Maji safi: masaa 2. Kama munganga amekupa masaa yake, fuata yake. Na kama zamu inachelewa, simama, uende kuuliza: "Mutoto wangu anaweza kunywa maji kidogo?" Si kiburi. Ni haki ya mutoto.

Juu ya uzito. Apimwe siku ile ile. Dawa inahesabiwa kwa kilo.

Juu ya kuficha. Usifiche kikohozi wala homa kwa kuogopa kurudishwa. Usifiche dawa ya mizizi uliyomupa. Hatutakugombeza. Tunataka kujua tu.

Juu ya maswali. Uliza kwa heshima: "Nani atakaa kupima mapigo na tansio? Kila dakika ngapi?" Jibu zuri ni hili: kuna mutu mumoja ambaye kazi yake ni hiyo tu, na tansio inapimwa angalau kila dakika 5. Oksijeni iwe karibu, na kale kachombo ka kubana ku kidole. Umeme ukikatika, kama tunavyozoea, mashine inaweza kunyamaza. Lakini kitambaa cha kupompa kwa mukono hakihitaji umeme, wala vidole vya muuguzi.

Kama hakuna mutu wa kupima, na jambo si la haraka, omba mungoje siku ingine ama hospitali ingine. Lakini kama usaha umejaa, ama tumbo limefunga, ama damu inatoka, usikimbie na mutoto. Ugonjwa nao unaua. Toa ile karatasi yako ya namba, uwaambie, na uwaache wafanye kazi.

Pia uliza kama usingizi unahitajika kweli. Jino moja mara ingine linatolewa kwa sindano ya ganzi tu, kama mutoto ameelezwa vema na hakuna anayemukimbiza.

Juu ya kijana. Mutoto wa Down anakuwa kijana wa miaka 15, wa miaka 18. Usimudanganye kwamba munaenda kununua pipi. Muambie ukweli kwa maneno mafupi, siku moja mbele. Muuguzi amuache aguse kitambaa, amufunge hata mama kwanza ili aone. Kijana anayevutwa na watu wane anapewa dawa mingi kuliko kijana anayeketi mwenyewe, na dawa mingi ndiyo inayoshusha tansio na pumzi.

BAADA YA KUAMUKA

Hatari haiishi wakati kisu kinapowekwa chini. Mutoto alazwe kwa upande, mudomo ukitazama chini kidogo. Aendelee kupimwa mpaka aamuke vema, akutambue, na tansio yake irudi karibu na namba yake ya kila siku. Kwanza maji kidogo kidogo, chakula baadaye.

Na sasa jambo ambalo wengi wanakosea. Usimufunge ku mugongo akiwa angali na usingizi, na usipande naye pikipiki hivyo. Kichwa kinaanguka mbele, kidevu kinagusa kifua, koo inaziba, nawe hujui kwa sababu yuko nyuma yako. Mungoje. Kama magaribi imefika, mulale ku hospitali. Mukibeba, mubebe mbele, umuone uso.

Ku nyumba, usimumwangie maji baridi ili aamuke. Urudi haraka kama haamuki vema, kama midomo ni ya buluu, kama mwili ni baridi na jasho, kama anakata pumzi, kama anatapika bila kuacha, ama kama hakojoi.

MASWALI YA WAMAMA

"Mama munganga, mutoto wa vile, watu ku nyumba wanasema feza za nini?"

Waambie hivi. Ku Marekani, mwaka 1983, mutu wa Down aliishi kwa wastani miaka 25 hivi. Sasa ni karibu 60. Damu yao haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba watu walianza kuwapasua moyo, kuwatibu mapafu na kuwalea ku nyumba. Feza za mutoto huyu ni kama za mutoto mwingine.

"Kama tansio yake ni ya chini, nimupe chumvi mingi?"

Hapana. Tansio yake ya kila siku si ugonjwa. Mupe bukari, sombe, maharagi, samaki na maji ya kutosha kama wengine.

"Kama alishalala na dawa mara moja na hakupata shida, niogope mara ya pili?"

Usiogope, lakini usilegee. Leta karatasi ya mara ya kwanza: dawa gani alipewa, na tansio ilitembea namna gani. Tena uliza wapime tena.

"Na mimi sijasoma. Wauguzi watanisikia?"

Mama yule niliyemutaja hakuwa amesoma. Alisema mara mbili. Kama angenyamaza mara ya kwanza niliponena "tulia", mutoto angekufa, na karatasi yangu ingesema alikuwa na 8 kwa 4. Wewe pia sema mara mbili. Kama hawasikii, sema mara ya tatu.

KATA KIPANDE HIKI, UKIWEKE NDANI YA FISHI YA MUTOTO

Mutoto wangu ni wa Down. Miaka: ......  Kilo: ......

Mapigo yake akiwa muzima na ametulia: ......  ......  ......

Tansio yake akiwa muzima na ameketi: ......  ......  ......

Kitambaa kilikuwa cha mutoto / cha mutu mukubwa.

Moyo umesikilizwa: ndiyo / hapana.  Ekografi ya moyo: ndiyo / hapana.

Anakoroma ama kukata pumzi usiku: ndiyo / hapana.

Shingo ama mwendo umebadilika: ndiyo / hapana.

Dawa ya usingizi aliyopata zamani: ......................

Wamama, asiyekuwa na kalamu aje mbele, tunazo hapa. Na yule mama wa nyuma karibu na mulango, aje wa kwanza. Umufunue mutoto, tumupime.